Punje ya Sita

Mwaka wa sensa nilikuwa mwalimu kijana, na waliponichagua kuwa karani wa kuhesabu watu katika kijiji nilichofundisha, karibu na Moa mpakani, kichwa kilinivimba. Nilipewa mkoba, fomu na penseli nzima, wakati darasani kwangu penseli moja ilikatwa vipande vitatu ili watoto watatu waandike. Sabuni ilikuwa haipatikani. Shati nililovaa siku hiyo nililifua kwa majani ya mpapai.

Nyumba ya kwanza tu, nikaharibu. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane. Nilimpa shikamoo, nikapewa kigoda, kisha nikaanza kuwanyoshea watoto wake kidole: mmoja, wawili, watatu. Akanipiga mkono.

"Mwalimu, hivyo huhesabiwa mbuzi! Wana wa watu hawahesabiwi kwa kidole."

Nami nilijua. Nimelelewa mjini, Ngamiani, na bibi ambaye hakuwahi kusema ana wajukuu wangapi; alisema tu wapo, alhamdulillahi. Cheo ndicho kilichonisahaulisha.

Mama aliingia ndani akatoka na kifuu chenye punje za mahindi, punje moja kwa kila mtoto aliyemzaa. Akazimwaga kwenye ungo, nizihesabu hizo. Zilikuwa sita. Watoto mbele yangu walikuwa watano, na fomu ilitaka kujua wangapi wako hai na wangapi wamekufa.

Wa sita alikuwa kijana wake mkubwa. Alivuka mpaka kwa baiskeli kwenda kutafuta sabuni ya kuuza, hakurudi, wala baiskeli haikuonekana. Wako waliosema wamemwona Mombasa, wako waliosema aliuawa njiani. Mama hakuwa amemwekea matanga. Nilimuuliza kwa sauti ndogo tumwandike wapi.

"Mimi sijui, mwanangu. Nyie watu wa serikali ndio mnaopata habari za kila mahali. We andika unavyojua."

Sikujua lolote. Nilimwonea huruma, nikamwambia nimemweka kwa walio hai. Alishukuru, akanipa madafu mawili, nikaondoka nikijiona mtu mwema kwelikweli.

Baadaye nilihamishwa. Biashara ikaachiwa huru, maduka yakajaa, na siku niliyorudi kutembea nilimkuta mama yule barazani kwake, mbele yake meza ya sabuni za kila rangi, anauza mwenyewe. Tulijuliana hali. Kisha akanisogelea.

"Mwalimu, nataka kumsomea hitima mwanangu. Moyo umechoka. Ndugu zake wamekubali, shehe kakubali. Lakini wewe ulimwandika hai, nami nikaogopa kumzika mtu ambaye serikali inajua yuko. Siku ile ulikuwa umepata habari gani?"

Miaka yote hiyo alikuwa akingojea penseli yangu.

"Sikuwa na habari yoyote, mama. Nilikuonea huruma tu."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alipanga upya sabuni zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika. Mteja alikuja, akanunua kipande, akaenda zake.

"Hitima itakuwa Alhamisi," alisema mwishowe. "Uje."

Nikamwambia nitakuja.

"Ungesema hujui, mwanangu. Tungekuwa wawili."