Kiroba cha Kwenda Tabora

Nianze na ujinga wangu, maana ukiusikia kwa watu watauongezea chumvi. Msimu huu nilisafiri kutoka Bariadi hadi Nzega nikiwa na kiroba cha mbegu za pamba, nikiamini nimebeba michembe, viazi vitamu vya kukausha. Viroba vyote viwili vilikaa nyuma ya mlango wa stoo, vimefungwa kwa kamba ileile. Mimi ni mtu wa nyumbani; hata harusi za Lamadi huwa nazihudhuria kwa simu. Sasa asubuhi ile, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi, mke wangu akaniambia, "Mzee, washa gari twende Tabora. Leo leo, kabla hujapata sababu nyingine ya kuahirisha." Nikachanganyikiwa, nikabeba nilichokiona.

Nzega tukasimama kando ya barabara, njaa inauma. Nikafungua kiroba. Mbegu za manyoya zikanitazama. Mke wangu alichungulia, akasema taratibu, "Haya, tafuna."

Hapo, rafiki yangu, ndipo marehemu bibi yangu aliponijia akilini, kama vile amekaa kiti cha nyuma.

Kwetu zamani mtu hakusafiri bila michembe. Viazi vitamu vikishavunwa, bibi alikaa chini na kisu chake kilicholika akavikata vipande vyembamba, nasi watoto tukavianika juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Mchana lile jiwe liliunguza nyayo, tukawa tunarukaruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Kazi yangu ilikuwa kufukuza mbuzi. Niliwafukuza vizuri, na mshahara wangu niliutafuna palepale jiweni. Michembe ikikauka sawasawa, ukiitikisa inalia kama kokoto ndani ya kibuyu. Ikipikwa kwa karanga zilizotwangwa, harufu ilitukuta kisimani, tukarudi mbio na ndoo nusu.

Kiroba kizuri kuliko vyote bibi alikitenga. "Hiki cha Tabora," alisema, akakitundika darini. Dada yake mkubwa aliolewa huko, karibu na stesheni, na tangu siku ya harusi hawakuonana tena. Alitusimulia Tabora kama mtu aliyekulia huko: misafara ya zamani ya pembe, boma la Wajerumani, treni inayolia mpaka vikombe vinatikisika. Kila mwaka babu alimwambia, "Tutakwenda tukishapanda." Wakishapanda, kuna palizi. Palizi ikiisha, ng'ombe anaumwa. Chakula kikipungua, kiroba kinashushwa, tunapikiwa sisi. Bibi alikuwa na msemo wake, "Safari iliyolala huliwa na watoto," nasi watoto tulishangilia. Mimi nilikuwa naombea ng'ombe waumwe.

Basi, tukiwa bado pale Nzega, simu ikaita. Alikuwa jirani yetu, mama mtu mzima ambaye alipoolewa kijijini kwetu, bibi ndiye aliyemfundisha kukata michembe. Hakunipa hata mwadila, salamu yetu ya Kisukuma. "Mvua imepiga huku. Watu wote wako shambani. Wewe mbegu zako ziko wapi?"

Nikakitazama kiroba. Nisikufiche, nilifurahi. Sababu ilikuwa imenifuata mpaka barabarani, na sababu yenyewe nzito, kwani mvua ya kupandia pamba haimsubiri mtu. Nikamwambia mke wangu, "Tugeuze. Tutakuja tukishapanda."

Alitazama mbele tu, mikono mapajani, kama bibi alivyokuwa akitazama kiroba kikishushwa. Na lile neno, tukishapanda, lilikuwa limetoka mdomoni mwangu kwa sauti ya babu kabisa. Nikawasha gari. Nikaelekea Tabora.

Tulizunguka mji mpaka mimi, bingwa wa kukaa, nikaomba kukaa. Tuliliona boma. Tulisimama stesheni hadi treni ikaingia, na mke wangu akaipungia mkono kama mtoto, wakati hatukuwa na mtu ndani yake. Nyumba ya dada yake bibi hakuna aliyeijua. Lakini sokoni tulikuta michembe, mafungu kwa mafungu. Nikacheka peke yangu: miaka yote ile bibi alikuwa anakausha zawadi ya kupeleka mahali palipojaa zawadi hiyohiyo. Mke wangu akanunua fungu, akanitia kipande mdomoni. Kilikuwa kigumu, na utamu wake ulichelewa kuja, kama wa jiweni.

Lile jiwe letu siku hizi halipo. Limepasuliwa kokoto, limelala ndani ya misingi ya nyumba za watu hapa Bariadi. Bibi hayupo, babu hayupo, na wanangu ukiwapa michembe wanauliza biskuti ziko wapi.

Tuliporudi, mashamba ya wenzangu yalikuwa yameshapandwa, langu tupu kama kipara changu. Nikampelekea jirani michembe ya Tabora, nikamsimulia yote, kiroba cha mbegu kikiwa bado begani, nikitegemea anipe pole. Alitafuna bila haraka, akakitazama kile kiroba, akasema:

"Mbegu zako zimefika Tabora, bibi yako hakufika. Sasa shika jembe."