Kadi ya Mume, Cherehani Yangu

Miaka ile ya tisini, mwenye duka mmoja pale Kashaulili alikuwa na kadi za mkopo: kipande cha karatasi ngumu, juu jina la mteja, chini dhamana yake. Yetu ilikuwa na jina la mume wangu. Dhamana ilikuwa cherehani yangu. Mpaka leo nikikumbuka mpango huo, damu inanichemka.

Deni la mabati ya nyumba nililimaliza mimi, si yeye. Nilishona sare za shule masika yote, pale barazani, hadi magoti yakavimba kwa kukanyaga pedali. Siku niliyolipa shilingi ya mwisho nikasema kadi ifungwe, cherehani yangu iwe huru. Mume wangu akacheka.

"Mama watoto, kadi safi ni heshima. Ukiifunga leo, kesho ukipata shida nani atakukopesha?"

Mwenye duka akaitikia upesi upesi. Asiitikie kwa nini? Kadi iliyofungwa haimletei mteja. Basi ikabaki wazi.

Haikupita miezi miwili. Nilikwenda kununua uzi, nikaambiwa tunadaiwa: tairi mbili za baiskeli na taa ya chemli. Aliyechukua ni jirani yetu, Mnyamwezi. Sisi Wafipa, yeye mtani wetu. Anaweza kuingia jikoni akabeba sufuria na mboga yake ndani, nawe ukacheka. Kumkasirikia mtani ni aibu. Mwenye duka alilijua hilo, akamwandikia kwenye kadi yetu bila kuuliza.

"Utani ni wa Mfipa na Mnyamwezi," nikamwambia. "Duka lako ni kabila gani?"

Alisema tu kwamba mwezi ukiisha hatujalipa, atakuja kuchukua cherehani. Nikamweleza mume wangu, naye akacheka mpaka akajishika mbavu. "Yule mtani katuweza!" Katuweza akina nani? Kwenye ile pedali hakuna aliyewahi kuweka mguu isipokuwa mimi.

Kesho yake, mchana kweupe, nikaenda kwa mtani, nikamfungua beberu wake, nikaondoka naye. Mkewe alitoka mbio.

"We wifi, mbuzi unampeleka wapi?"

"Mtani haulizwi," nikamjibu.

Akabaki anacheka, afanyeje? Beberu nikamuuza sokoni, nikaenda moja kwa moja dukani kulipa. Mume wangu alikuwa amekwisha kupata habari, nikamkuta na baiskeli yake ananisubiri mlangoni pa duka.

Mwenye duka akakata deni, akauliza, "Tufunge au tuache?" Swali akamwelekezea yeye. Mimi niliyelipa mara mbili nilikuwa kama kigoda pale.

"Iache wazi," akajibu mwanamume.

Sikupiga kelele. Nikasema sawa, iachwe. Ila cherehani ifutwe, iandikwe baiskeli yake. Ile baiskeli aliyoing'arisha kila Jumapili kwa mafuta ya cherehani yangu, na hata mimi nikiumwa hakunipakia, aliniazimia ya jirani.

Mwenye duka akashika kalamu. Mume wangu akageuka kuitazama baiskeli yake, imeegemea ukuta, inameta.

"Basi," akasema, "ifunge."