Neno la Kusimamisha Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini, Chef, yaani msimamizi wa machimbo, alinipandisha kwenye kabini ya vioo juu ya mashine ya kusaga mawe, akaniambia, "Maman Riziki, kazi yako ni kuona. Batu ba chini habaone."

Nililelewa Bukavu, nikarudi Rusizi, upande wa Rwanda, na familia yangu, na kampuni ndogo ya kokoto kwenye njia ya Muganza ilikuwa inatafuta mtu wa macho makali. Mashine tuliiita konkaseri. Mawe hushuka ndani, meno ya chuma huyaponda, na kokoto hutoka kwa mkanda mrefu wa mpira. Swichi ya mkanda alikuwa nayo Papa Bahati, chini kabisa. Mimi nilimpa amri kwa redio ya mkononi, kwa Kifaransa kama desturi: marche iwake, arrêt isimame. Sauti yangu ndiyo iliyolinda mikono ya watu. Nilijivunia kazi hiyo, na najivunia mpaka leo.

Miaka ikapita, kichwa kikaanza kuniuma kila asubuhi, kisha siku moja nikaanguka na kutetemeka mwili mzima. Huko Kigali madaktari wakanionyesha uvimbe kwenye ubongo, upande wa kushoto, jirani na mahali maneno yanapotoka. Walitoa kipande. Kingine walikiacha, maana kukigusa kungeniacha bubu. Niliporudi nyumbani Kiswahili kilikuwepo, Kinyarwanda kilikuwepo, lakini Kifaransa kilikuwa kimeondoka bila kuaga.

Chef aliyekuwepo wakati huo alitaka kunihamishia getini. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu. Nilikataa katakata. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo niliwaeleza wenzangu kila kitu: nikianguka mnilaze ubavu, msinitie chochote mdomoni, mkae nami. Zamu za usiku niliziacha, ngazi nilipanda mtu akiwa nyuma yangu, na mchana nilijinyoosha kidogo kwa sababu dawa zilinichosha. Amri nikazitoa kwa Kiswahili: washa, zima. Chef akakubali kunijaribu.

Asubuhi moja jiwe lilikwama kando ya mkanda, nao unakimbia. Faustin, fundi wetu, akainama kulichokoa, mkanda ukamkamata mkono wa koti. Wakati huohuo Papa Bahati akauliza kwenye redio, "Maman, mukanda iko muzima?"

"Zima!" nikapiga kelele. "Zima! Zima!"

Mkanda ukaendelea. Faustin akajipinda, akachomoka kwenye koti, na koti likaenda na kokoto. Papa Bahati alipoliona likipita mbele yake ndipo akazima.

Niliposhuka chini, Chef alikuja mbio. "Nilikuambia, Maman. Kichwa yako haiko bien. Kesho unaenda ku barrière, kule getini."

Nilimjibu kwa hasira. "Chef, macho yangu iliona, kinywa yangu ilisema. Uliza Papa Bahati alisikia nini."

Papa Bahati akavua kofia. "Alisema muzima, Chef. Njo maana niliacha itembee."

Zima, muzima. Kwenye kelele ya konkaseri, nani angetofautisha? Hata mtu mwenye ubongo wa malaika angedanganywa na neno hilo.

Faustin, vumbi mpaka kwenye kope, akacheka. "Basi mutafute neno ingine mbio, juu ile koti ilikuwa moja tu."

Tukachagua "simama". Tulilijaribu mashine ikinguruma, mara nyingi, mpaka Chef mwenyewe alipolisikia vizuri akiwa mbali. Akanitazama. "Panda juu, Maman," akasema. "Na mutu apande nyuma yako."

Nilipanda miaka mingi baada ya hapo. Nilianguka tena, wakanilaza ubavu, nikaamka, nikapumzika, nikarudi. Ninyi vijana mnaoambiwa leo mna uvimbe kichwani, msikimbilie kuaga kazi. Tazameni kwanza kilichoondoka na kilichobaki, kisha mfanye kazi na kilichobaki. Wakubwa wenu muwaeleze bila kupiga magoti.

Kanisani watu huniuliza kama nilipona. Sikupona, kipande kile bado ninacho. Nilipoaga kabini, mgeni mmoja alinong'ona, "Pole, Maman, ni ugonjwa unakutoa?" Nikacheka hadi machozi. Nilikuwa nastaafu kwa sababu ya uzee. Uzee, jamani! Nani aliniahidi uzee?