Bodi Linalomtosha Shangazi

Watu wakienda kununua gari hupiga mateke matairi, hufungua boneti na kukagua injini wasiyoijua, kisha hutikisa kichwa ili mwenye gari apunguze bei. Shangazi yangu hakuwa na habari na matairi. Yeye alikuwa analala. Anapanda kwenye bodi la nyuma, anatandika kanga, anajinyoosha chali, anakunja mikono kifuani na kufumba macho, na hapo ndipo ukaguzi unaanza. Mara ya kwanza alipofanya hivyo nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nieleze kwanza alikuwa nani. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba, na ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa na miaka sita. Alipozeeka nikamchukua, akawa anaishi na mimi na mke wangu hapa Mwanza, mtaa wa Pasiansi. Alikuwa mrefu kuliko mlango wa jiko letu, kwa hiyo kila alipoingia kuonja mboga alikuwa anainama kwanza, na mke wangu alikuwa anasema ndiyo heshima pekee tunayoipata kutoka kwake. Kifo hakikumtisha hata kidogo. Alikizungumzia jinsi wengine wanavyozungumzia kwenda Bunda. Kilichomtisha kilikuwa usafiri.

Hofu hiyo ilimwingia siku ya msiba wa jirani yetu, mzee wa kanisa aliyekuwa anarudishwa kwao kuzikwa. Watoto wake walikuwa na uwezo, wakaja na dabo kebini mpya, nyeusi, inayong'aa mpaka ukiinama unajiona meno. Wafiwa wakajipanga kwenye viti vya ngozi, wakapigwa na kiyoyozi. Ikafika zamu ya jeneza. Likasukumwa, likagonga mwisho, na upande wa miguu ukabaki nje. Magari haya ya siku hizi yana milango minne na safu mbili za viti, na nafasi ya viti vya nyuma imeibwa kwenye bodi. Ni sebule iliyooteshwa kimkia cha kubebea mizigo. Wakaligeuza jeneza kichwa kikawa nyuma, wakalilaza kimshazari, wakashauriana kwa Kiswahili na kwa kilugha. Mwishowe mlango wa bodi ukaachwa wazi, jeneza likafungwa kwa kamba ya manila, na mwombolezaji mmoja anayejua sheria za barabarani akasema mzigo uliotokeza lazima uwekewe kitambaa chekundu. Mwanakwaya akavua skafu yake. Yule mzee akaondoka Pasiansi amefungwa alama ya hatari miguuni, kama shehena ya nondo.

Shangazi alisimama kando ya barabara mpaka vumbi likatulia. Tulipofika nyumbani akaniita, akanionyesha kigoda nikae.

"Mimi sitasafiri vile," alisema. "Nilale nimenyooka, na mlango ufungwe."

Safari aliyokuwa anaizungumzia ilikuwa ya kwenda Majita, kule ng'ambo ya Bunda kando ya ziwa, walikozikwa wazazi wake. Nikamwambia hayo ni mambo ya mbali, na siku ikifika tutakodi gari. Akasema gari la kukodi lina haraka, dereva wake anaangalia saa wakati watu wanalia, na yeye hajawahi kuharakishwa na mtu katika maisha yake. Alitaka gari la nyumbani.

Sasa mimi gari nilikuwa nalihitaji kweli. Nina duka la vyakula vya mifugo, nauza pumba na mashudu, na pikapu yangu ya zamani ilikuwa imekufa kifo kisicho na ufufuo. Akiba yangu ilikuwa nusu ya bei. Shangazi akauza kiwanja chake cha Kisesa, kile cha njia ya kwenda Bujora, ambacho alikinunua kwa pesa ya dagaa wakati watu wanasema kule ni porini. Akanikabidhi fedha na sharti moja, nalo unalijua.

Nikiri dhambi yangu. Nilikuwa naitaka dabo kebini. Nilikuwa nimeona wakandarasi na wakubwa wa miradi wanavyoshuka kwenye magari hayo, wanavyofunga mlango bila kuangalia nyuma, na nilishajiona na mimi nimeegesha mbele ya duka, mkono mmoja dirishani, wateja wa pumba wananiita bosi. Nilidhani shangazi akiona kiti cha mbele kilivyo laini atasahau habari za bodi. Nilikuwa nimelelewa na mwanamke huyu miaka yote hiyo na bado sikuwa namjua.

Tukaenda yadi ya magari, mjini. Mwuzaji alikuwa mwanaume wa suruali ya kubana, ananukia vizuri, na alimwamkia shangazi shikamoo yenye adabu zote. Akaanza kutuonyesha kioo cha kugusa, kamera ya nyuma, taa zinazojiwasha zenyewe, na viti vinavyojipasha joto. Shangazi akauliza ni nani Mwanza hii anayesikia baridi makalioni. Mwuzaji akacheka kidogo akahamia kwenye rimu.

Halafu akataja bei. Ilikuwa bei ya kujenga nyumba ya vyumba vitatu, kuiwekea madirisha ya alumini, na geti. Nikamkumbusha kwamba mwezi wa tatu aliponitajia kwa simu, ilikuwa bei ya nyumba hiyo hiyo bila geti. Akaeleza mambo ya dola, ya kodi, na ya meli. Shangazi alisikiliza yote, kisha akauliza kama hili ndilo gari lililokuwepo mwezi wa tatu. Mwuzaji akakubali kwamba ndilo. Shangazi akauliza kama limekwenda popote tangu hapo. Halijaenda. Basi limezeeka miezi mitano kwa kusimama juani, akasema shangazi, na kwa akili yake yeye lilitakiwa lishuke.

Hakungoja jibu. Alivua ndala, akamwomba mwuzaji amshike mkono, akapanda. Kanga ikatandikwa. Akalala. Kichwa kikagusa ukuta wa kebini, na miguu yake, kuanzia chini kidogo ya magoti, ikaning'inia nje ya bodi, nyayo zinaangalia barabara ya lami. Wateja wengine waliokuwa pale wakaacha walichokuwa wanafanya. Mwuzaji, maskini, alidhani ni suala la mgongo. Akamwambia kwa upole kwamba akilala kimshazari atatosha.

"Mimi si kabati," shangazi akajibu, macho amefumba.

"Lakini mama, kwa nini usafiri nyuma na kiti cha mbele kipo?"

"Ni mara moja tu," alisema.

Yule bwana akanitazama. Nikatazama rimu.

Basi tukaanza kutafuta pikapu ya kizamani, ya kebini moja na bodi refu, na hapo nikagundua jambo lililonichefua. Nilidhani nikishuka kutoka kwenye mapya nitakuta nafuu. Kumbe mapya yalivyopanda, makuukuu nayo yameinua shingo. Gari ambalo zamani lingebembelezewa mnunuzi, siku hizi mwenyewe analipiga picha, analiweka kwenye simu, na ukipiga anakuuliza wewe ni nani. Kebini moja ngumu zikawa lulu, kwa sababu kila mwenye mzigo wa kweli, wa samaki, wa matofali, wa magunia, alikuwa anazikimbilia. Tulilala kwenye magari manne. Namaanisha yeye alilala, mimi nilishika mkoba wake.

La tano lilikuwa Mkolani, kwa fundi ujenzi mstaafu. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko kifungua mimba wangu, rangi yake ilikuwa nyeupe zamani, lakini injini ilikuwa inaongea vizuri. Njiani nilimpa shangazi maelekezo. Nikamwambia huyu fundi ni mjanja, kwa hiyo tusionyeshe tumelipenda. Tununie kila kitu. Tutafute kutu. Nikimgusa bega, aseme twende zetu mwanangu, hili halifai. Akaniahidi, tena akanishangaa kwamba namfundisha kununua mtu aliyeuza dagaa miaka arobaini.

Na kweli alianza vizuri mno. Alipoitikia shikamoo ya fundi aliitikia kivivu. Akazunguka gari mara mbili amebetua midomo. Akatia kidole kwenye tundu la kutu akakinusa. Akauliza kama mlango wa abiria hufungwa kwa kamba au kwa maombi. Fundi alianza kutokwa na jasho na kusema bei inazungumzika. Mke wake, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo pale barazani, akamwambia mumewe ashushe tu bei gari liondoke, limemjazia uwanja. Nilikuwa nimebakiza kama dakika mbili za kununa nipate punguzo la kihistoria.

Shangazi akavua ndala.

Alipanda, akatandika kanga, akalala. Kichwa ndani, miguu ndani, na baada ya nyayo kukabaki nafasi ya kutosha. Akakunja mikono. Akamwambia fundi afunge mlango wa bodi, na fundi akaufunga, ukaingia mahali pake kwa mlio mmoja. Tukangoja. Nikachungulia kwa juu, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona usoni kwake tangu siku ya msiba wa jirani. Alikuwa anatabasamu. Hakuwa anatabasamu kwa ajili yetu, alikuwa ametulia kabisa, kama mtu aliyefika. Nikamgusa bega. Hakutikisika. Nikamgusa tena.

"Mwanangu," alisema taratibu bila kufumbua macho, "mlipe mwenzio."

Mke wa fundi ndiye aliyeelewa wa kwanza. Aliweka ungo chini, akashika kifua, akasema pole mama. Fundi naye akaelewa, lakini alielewa kifundi. Akakohoa, akasema kwa kweli kuna mtu wa Geita amempigia asubuhi na ameongeza kidogo. Mtu wa Geita alikuwa amezaliwa muda huo huo, mbele ya macho yangu. Nililipa bei ya kwanza pamoja na ya mtu wa Geita, na nilinuna mpaka Nyegezi, wakati mwenzangu amekaa kiti cha mbele anasifia gari lisivyotikisika.

Kama ungedhani baada ya hapo shangazi alikuwa anajiandaa kuondoka, ungekosea sana. Alinenepa. Alianza kuamka mapema kulipiga gari maji. Akawa analitoa kwa misiba yote ya Pasiansi bila kuniuliza, anasimamia upakiaji mwenyewe, na hakutokea marehemu hata mmoja asiyetosha. Nami nikapakia pumba na mashudu siku za kawaida. Miaka ikawa inakwenda. Bei ya mapya ikawa inapanda, na ya kwangu nayo inapanda nyuma yake, mpaka watu wakawa wanasimama dukani hawaulizi pumba, wanauliza gari. Nilikuwa mtu pekee Mwanza ambaye shangazi yake akikataa kufa, utajiri wake unaongezeka.

Mwaka wa saba akaja mfanyabiashara wa samaki na ofa iliyonikosesha usingizi. Ilikaribia mara mbili ya nilichomlipa fundi. Ningeongeza kidogo, ningepata dabo kebini iliyotumika, ya kukaa mbele ya duka na mkono dirishani. Nikajikaza nikamwambia shangazi, tena nikampamba maneno, kwamba kwa hela hiyo siku yake ikifika tutakodi gari zuri sana, refu, hata mawili.

Alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua kichwa.

"Uza," alisema. "Ila unitajie siku atakayokuja kulichukua, ili mimi nitangulie jana yake."

Nikaona aibu, na nilistahili kuiona. Nikampigia mfanyabiashara nikamwambia gari lina mwenyewe.

Alifariki mwaka uliofuata, baada ya kuugua miezi mitatu. Ugonjwa ulimkausha. Mtu niliyekuwa namtazama kwa kuinua shingo akawa wa kubebwa na mke wangu peke yake kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha uani. Wiki za mwisho aliingia jikoni mara moja, akiwa ameshikwa mikono huku na huku, na hakuinama. Mke wangu akatoka nje kulia.

Fundi seremala alipokuja kupima nikamwambia shangazi ni mrefu, aongeze. Akanionyesha kwenye futi yake jinsi alivyopungua. Jeneza lilipoletwa nililipima kwa macho, na nakubali kwamba hata hapo, kwenye lile gari la yadi, lisingetosha. Alikuwa ameshinda ubishi. Tukalipakia, nikaufunga mlango wa bodi kwa mikono yangu, ukaingia mahali pake vizuri. Watu wakaniambia nimefanya kazi nzuri. Nikaingia mbele na mke wangu, shemeji yangu akashika usukani.

Hatujafika Kisesa tukasikia linagonga. Bodi nililolilipia kwa kiwanja, kwa akiba, na kwa mtu wa Geita, lilikuwa sasa limekuwa kubwa mno kwake. Kila breki jeneza linateleza mbele, kila mlima linarudi nyuma kugonga mlango. Shemeji akasimamisha gari akatafuta kamba. Nikamwambia hapana, yeye hafungwi kamba. Nikavua viatu, nikapanda nyuma, nikakaa kwenye ile nafasi iliyobaki upande wa miguu yake, mgongo kwenye mlango, magoti yamenigusa kidevu, na nyayo zangu nikazikaza kwenye jeneza lisiteleze. Nikamwambia shemeji aende polepole, shangazi haharakishwi. Ndipo nikamlilia, kutoka Kisesa mpaka Bunda, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, kwa sababu ukiwa nyuma ya pikapu upepo unachukua kila kitu, na kwa sababu mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa na miaka sita alikuwa amebaki mwepesi kiasi kwamba naweza kumzuia kwa nyayo mbili.