Asumini za Bi Lau

Mwanamwema alikuwa mtu wa Lamu, na aliyemjua atakwambia hakuwa mtu wa kukaa bure. Tuliishi mlango kwa mlango kwenye maflati ya kaunsili, Tottenham. Mumewe alikwisha kufa, wanawe wakimjibu Kiingereza. Alfajiri husafisha maofisi, mchana kashika tama.

Ndipo akampata Bi Lau, mama wa Kichina wa ghorofa ya chini. Kila Alhamisi Bi Lau alikwenda ukumbini, wazee wa kwao wanakokutana kuimba michezo yao ya kale: mikono mirefu ya nguo inarushwa hewani, nyuso zimepakwa rangi nyeupe na ya waridi, zeze zinalia kwa sauti nyembamba. Siku moja akamchukua Mwanamwema. Mwenzangu akarudi macho yanawaka.

"Bi Lau anatembea hivi!" Akanionyesha jikoni kwangu, hatua ndogondogo, utadhani anateleza.

"Na wewe umeelewa nini?"

"Sikuelewa neno, shoga. Nimelia tu."

Lugha hawakuwa nayo. Bi Lau alimfundisha hatua za michezo hiyo kwa kumshika kiwiko na kumpiga kofi la mgongo akikosea. Wakapendana hivyo hivyo, wakicheka kama wasichana.

Mwaka wa tisini na nane mume wa Bi Lau akalazwa hospitali, na siku ya Bi Lau kuimba mbele ya watu imekaribia. Mzee mwenyewe akamwambia nenda kaimbe. Mwanamwema akaapa shoga yake hapandi jukwaani na kichwa kitupu. Akapanda basi hadi Kingsbury, kwenye maduka ya Wagujarati, akanunua asumini. Akazitunga usiku kucha kama tunavyowatungia maharusi kwetu, nyeupe tupu, hata jani hakutia.

Nilikuwapo. Bi Lau amekaa mbele ya kioo kule ukumbini, Mwanamwema akaja kwa nyuma, akamvika nyweleni.

"Haya! Tuone nani atatazamwa zaidi yako!"

Bi Lau akajiona. Akapiga ukelele, akazing'oa pamoja na nywele zake. Kumbe kwao mwanamke akitia ua jeupe nyweleni, amefiwa. Na mumewe alikuwa hai bado, kitandani.

Wiki haikwisha, mzee akafa.

"Twende ukanisemee," Mwanamwema akaniambia. Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Mimi nilikuwa na changu cha shule ya msingi, na sikukionea haya. Tukashuka na sahani ya mkate wa sinia. Binti wa Bi Lau akafungua mlango nusu. Nikamweleza yote: kwetu asumini ni harusi, ni furaha.

"Najua, anti. Nimemweleza mama. Anajua hakukusudia."

"Basi na atuone."

Akatazama chini. "Akimwona huyu, anaona yale maua. Anasema ndiyo yaliyomwita baba. Hawezi, anti."

Mwanamwema akanivuta buibui. "Anasemaje?"

Asiyejua utamweleza. Bi Lau anajua, nimweleze nini tena?

"Anasema mama yake amelala," nikajibu. "Anashukuru kwa mkate."

Mlango ulikwisha fungwa, na sahani ingali mikononi mwa Mwanamwema.