Makopo ya Shangazi

Wiki iliyopita nilinunua sanduku la huduma ya kwanza la gari. Nilitikisa kila kichupa kabla ya kulipa, na muuzaji akacheka.

Utotoni mwangu, shangazi alikuwa mhudumu wa afya kijijini kwetu, nje ya Bariadi. Sanduku lake la mbao lilinuka spiriti, na ndani makopo ya vidonge yalipangwa kwa safu: ya malaria, ya kuhara, ya maumivu. Mchana mmoja, msimu wa kuchuma pamba, alifika mama mmoja na mtoto mchanga aliyechemka kwa homa.

“Mwadila, mayu,” akamsalimu shangazi kwa Kisukuma. “Nisaidie.”

“Dawa zimekwisha, mwanangu. Serikali haileti tena. Wahi yale maduka mapya ya dawa mjini.”

Nilidhani shangazi ni mchoyo. “Ziko,” nikasema. “Nimeyaona makopo yamejaa sanduku.”

Hakunikemea. Alifungua sanduku, akayatikisa moja moja. Hakuna lililolia.

“Sasa umeyapangia nini?” mama akauliza.

“Dawa zikija, nijue mahali pake.”

Mama alimfunga mtoto mgongoni, akaondoka mbio. Mtoto alifia njiani. Sisi tulikuwa hatujajua bado; shangazi alipiga magoti, akarudisha kila kopo tupu kwenye safu yake.