Siku Nilipowafanya Watu Wote Kuwa O

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, hata mke wangu hajui yote, lakini kwa kuwa mmenichokoza, basi sikieni.

Wakati wa vita nilikuwa mpimaji wa damu Butembo, kijana mwenye majivuno, na siku moja Beni wakaita kwa redio ya misheni: Masika, mama aliyetoka kujifungua, anavuja damu, anahitaji kuongezewa, na wao wameishiwa zile chupa mbili za kingamwili za maabara tunazopimia kundi la damu. Nikachukua zetu mbili, nikapanda pikipiki. Kwa kuogopa askari wa barrière, kizuizi cha barabarani (walichukua hata sabuni!) nikazificha chini ya kiti, karibu na bomba la moshi, na nilipofika zilikuwa za moto kama mayai ya kuchemsha, nikazitumbukiza kwenye ndoo ya maji, nikanyamaza.

Uani watu wamejaa, tayari kutoa damu. Nami nikaanza somo: mwili una askari wake, wanazaliwa kwenye uboho wa mifupa, kambi yao iko kwenye wengu, ila hawa wa chupa wametengenezwa maabara, wakikutana na damu ya A au B inaganda.

"Basoda ba mu chupa!" akasema mzee mmoja, maana kwetu askari ni basoda. "Na bale banaombaka sigara?"

Watu wakacheka, nikavimba kichwa. Nikampima Kambale, mume wa Masika: haikuganda, O. Wa pili, O. Wa nane, O. Masika mwenyewe, O. Nikatangaza kwamba Mungu ameubariki mtaa huu wa Mulekera. Kambale akakunja mkono wa shati.

"Docteur, ngoja kwanza," akasema Mama Kavira, muuguzi wa pale. "Mimi niko B tangu ujana. Unipime."

O.

"Na weye uko nini?"

"A."

"Jipime."

Nikajichoma kidole. O. Uso ukaniwaka.

"Mais, basoda yako balishakufa mu njia!" akasema yule mzee, nami nikakiri habari ya bomba la moshi mbele ya wote.

Mama Kavira hakunigombeza. Aliacha damu ya Masika itulie kwenye chupa, akachukua maji ya manjano yaliyojitenga juu yake, akayachanganya na tone la kila mtu, akangoja. La Kambale liliganda la kwanza. Matone ya watu wawili hayakuganda, na hao ndio waliomwokoa.

Kambale akanivuta kando. "Donc, ningeua bibi yangu?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni mimi ningemuua."

Tangu hapo simpimi mtu kabla sijajichoma mwenyewe, na wakinicheka kwamba docteur anapenda damu yake, nawaacha wacheke.